Dakika Ishirini za Pampu

Praygod alibandika kitambaa cha maji ya moto kwenye valvu ya tangi la kupozea maziwa, akahesabu kimoyomoyo. Hakufika hata thelathini. Gesi ikapiga mluzi, ikaanza kupita tena kwenye bomba. Kinachoziba kikipata baridi na kuzibuka kikipashwa moto ni maji yaliyoganda mle ndani, na maji hayo aliyaacha yeye.

Siku alipolitengeneza tangi, kutafuta mvujo wa gesi alitafuta vizuri, hilo hata adui yake angekiri. Alijaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kila kiungo, akaikodolea geji macho saa nzima. Haikutikisika. Balaa lilikuja kwenye pampu ya kunyonya hewa na unyevu. Ilitakiwa ingurume kwa saa nne, lakini akina mama wa kikundi cha maziwa walikuwa wamejipanga na ndoo zao, maziwa yanapata joto, naye akataka sifa. Aliizima baada ya dakika ishirini, akajaza gesi. Wakampigia vigelegele, na yeye mjinga akatabasamu.

Jana lita mia nne zilichacha. Mwenyekiti, Mama Winfrida, akamuuliza mbele ya wote, "Fundi, mashine ina shida?"

"Mashine ni nzima, mama. Labda mtu anaacha mfuniko wazi."

Mtu! Aliyekesha na tangi alikuwa mmoja tu, mzee Sirili, mlinzi. Akasimamishwa kazi papo hapo.

Jana Praygod alikuwa anashuku, leo anajua. Na hata kurekebisha kimyakimya haiwezekani. Gesi lazima itolewe yote, na pampu ile ikinguruma kwa saa nne inasikika mpaka kanisani. Akisema ukweli, nani huku mlimani atamwita tena? Akinyamaza, valvu itaganda tena kesho. Alisimama katikati ya chumba kidogo cha tangi, jasho linamtoka mbele ya mashine ya baridi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Sirili, kofia kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mikono miwili ya mzee ilishika jani la isale, limefungwa fundo. "Mfuniko nakumbuka niliufunga. Lakini umri huu mtu husahau. Kama nilisahau, nisamehe. Wakisikia fundi mwenyewe amesamehe, watanirudisha."

Praygod alilijua isale, jani la kuombea msamaha, tangu utotoni. Ukiletewa, hukatai, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Akilipokea, amemsamehe mzee kosa la Praygod mwenyewe. Akilikataa, amemtukana mbele ya mizimu na majirani. Alilaani siku aliyojifunza ufundi. Kisha akalipokea, akatoka nalo mbio kabla hajabadili nia.

Akina mama walikuwa wamekaa nje kwenye madebe. Akapiga magoti mbele ya Mama Winfrida, akamnyooshea jani.

"Mfuniko ulifungwa. Ni mimi. Niliacha maji kwenye mashine kwa haraka zangu, halafu nikamsingizia mzee."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Winfrida alilitazama jani, akamtazama Sirili aliyesimama mlangoni, mikono yake mitupu bado iko mbele. Hakulipokea.

"Hilo ni la Sirili," akasema. "Wewe nenda kakate la kwako. Na usiniletee mimi."

Praygod akainuka. Masale yenye majani kama lile yalikuwa pale kwenye mpaka wa shamba, hatua kumi tu, na wote walikuwa wanamtazama.