Tripsini ya Alhamisi

Dorsaf aliyasoma matokeo mara ya tatu. Tripsini ni kimeng'enya chenye adabu: huukata mnyororo wa protini baada ya viungo viwili tu vya mnyororo huo, lisini au arginini, basi. Lakini sampuli zake zilikuwa zimekatwa hata baada ya tirosini, mahali tripsini haigusi. Kuna mtu aliyetia mkono. Na katika maabara ile ya jijini Sfax, mwenye ufunguo mwingine wa friji alikuwa Wajdi peke yake.

Wote wawili walikuwa wakigombea nafasi moja ya masomo ya uzamivu. Kwa siku tatu Dorsaf alimchunguza: mbona anafunga droo upesi, mbona anakatisha simu nikiingia? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Asubuhi ya nne akapanda kwa Profesa Raoudha, mkuu wa maabara, akayamwaga yote. Kufika adhuhuri Wajdi alikuwa ameambiwa arudishe ufunguo.

Alimkuta Dorsaf mezani, akaanza kukunja koti lake jeupe.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Kaulize friji."

"Ukinichukia, sema tu. Ila dawa zako sijazigusa. Hata ile asidi uliyonikataza nisiiazime, iko pale na utepe wake wa kiwandani."

Dorsaf aliguna kwa dharau, akageuka kuitazama rafu. Chupa ilikuwapo. Utepe haukuwa umechanwa; basi hata yeye mwenyewe hakuwa ameitumia.

Tripsini huyeyushwa kwenye asidi ili ilale mpaka siku ya kazi. Alhamisi aliyoandaa tripsini ya sampuli zile, akiwa mbioni kuwahi harusi ya binamu yake, Dorsaf aliiyeyusha kwenye bafa, kimiminika kisicho na asidi, akaiacha mezani hadi kesho yake ndipo akaitia friji. Tripsini iliyo macho ikikosa cha kukata, hujikata yenyewe, na masalia yake hupoteza adabu, yakauma hata kwenye tirosini.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Wajdi hakujua uzito wa alichokisema; alikuwa ameshafunga vifungo vya mkoba. Dorsaf angenyamaza tu, nafasi ingekuwa yake.

"Ngoja," alisema. "Napanda kwa Profesa."

"Tena? Ukaniongezee kosa gani?"

"Langu."

Akauvua ufunguo wake shingoni, akauweka juu ya koti la Wajdi, akatoka kuelekea ngazini.