Namba Yangu Kwenye Tanuri la Bi Albina

Bi Albina Prelesnik alinipigia simu Ijumaa asubuhi, kahawa yangu haijafika nusu, akaniuliza kama nina kazi siku hiyo. Nikamwambia ninazo, tena tele, maana ni Januari na nusu ya mji wa Galena Fork inatetemeka.

"Basi ziache," akasema. "Njoo uniambie kama nina wazimu."

Hakuwa akitania. Jumatatu saa nne asubuhi gari la nyumba ya wazee lingepanda kutoka Pueblo, mji wa bondeni, kuja kumchukua. Mwanawe Dwight alikuwa ameshapanga kila kitu. Kwa majira mawili ya baridi mama yake alilalamika kwamba nyumba haina joto, na mafundi watatu walikuja kwa zamu, wakalikagua tanuri la gesi linalopasha nyumba joto kutoka chumba cha chini, wakasema halina kasoro. Kama tanuri ni zima na nyumba ni baridi, Dwight alijiambia, basi mama anakichezea kidhibiti joto halafu anasahau. Na mtu wa miaka themanini na nne anayesahau hawezi kuachwa peke yake mlimani, futi elfu kumi juu ya bahari.

Mimi nimetengeneza matanuri ya mji huu kwa miaka thelathini na moja, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu: kazi ninaijua. Mafundi wale watatu niliwafundisha mwenyewe. Mwaka juzi nilivunjika nyonga nikawaachia nyumba nyingi, hii ya Bi Albina ikiwemo. Nilipokuwa nikiendesha kwenda kwake nilikuwa nimeshaanza kuwakasirikia, mmoja mmoja kwa jina.

Nilimkuta Bi Albina jikoni, amevaa koti la nje na kofia ya sufu, anakata potica, ule mkate wa kukunja wenye jozi ambao Waslovenia wa huku wasipouoka hawajasherehekea kitu. Dwight alikuwa mezani akizungushia sahani magazeti na kuzipanga kwenye maboksi. Mtu mzima wa miaka sitini, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanishinda.

"Karibu Corliss," akasema. "Ila unapoteza muda wako bure. Vijana wako wameshakuja."

"Vijana wangu nawajua. Mmoja aliwahi kufunga feni kinyume, ikawa inavuta badala ya kupuliza."

"Mwonyeshe ukutani," Bi Albina alimwambia mwanawe. "Au ukuta nao umezeeka, unasahau?"

Kidhibiti joto kilikuwa kimewekwa sabini. Kipimajoto cha pembeni yake kilisoma hamsini na sita. Kwa digrii zetu za Fahrenheit, sabini mtu anakaa na blauzi. Hamsini na sita anakaa na koti, kama alivyokaa yeye.

"Mama, umekipandisha sasa hivi ulipoona gari lake," Dwight akasema kwa sauti ya chini.

"Nimekipandisha Novemba! Sijakigusa tangu Novemba! Corliss, unamsikia? Ndivyo anavyonisemesha siku hizi, kama nina miaka minne."

"Mama, si hivyo..."

"Ni hivyo hivyo. Kula potica, upunguze maneno."

Nikachukua kipande changu nikashuka.

Tanuri lilikuwa linawaka. Moto wake ulikuwa wa buluu, mfupi, umetulia. Feni ilizunguka vizuri. Fundi mvivu angepanda ngazi papo hapo na kusema hakuna shida, na watatu walifanya hivyo. Nilifunga gesi, nikatoa skrubu ndogo ya upande wa kutokea wa vali, kile kifaa kinachopitisha gesi, nikachomeka mpira wa kipimo changu. Ninavyo vya kidijitali kama watu wote, lakini ninachokiamini ni bomba la plastiki lililokunjwa kama herufi U, lenye maji ndani na rula katikati. Gesi inayasukuma maji, upande mmoja yanashuka, mwingine yanapanda, nawe unasoma tofauti kwa inchi. Tanuri kama lile kiwandani huwekwa inchi tatu na nusu.

Nikawasha. Maji yakasimama kwenye moja na nukta saba.

"Mbwa hawa!" nikasema kwa sauti. Nusu! Nusu ya presha, na watu watatu wameiona wakafunga mlango wa tanuri wakaenda zao. Nilianza kuwatungia maneno ambayo ningewaambia jioni hiyo hiyo, maneno mazito. Nikamulika tochi ndani ya kifuniko nione nani wa mwisho kupima, maana sisi wa kazi hii tuna desturi: ukishapima unaandika tarehe, presha na herufi zako kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati la ndani, ili anayekuja baada yako ajue.

Palikuwa na mstari mmoja tu. Wa miaka kumi na moja nyuma. *1.7, imepunguzwa kwa ajili ya mwinuko. C.T.*

Corliss Tregenza. Mwandiko wangu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kujidanganya. Sikuona aibu kwanza. Niliona fahari. Nikajiambia, aa, kumbe ni mimi, basi ni sahihi. Huku juu hewa ni nyepesi; ukilipatia tanuri gesi ya kipimo cha watu wa bondeni halipati hewa ya kuichoma yote, linatoa masizi na moshi wa sumu unaoua watu usingizini. Kwa hiyo sisi wa milimani tunalipunguzia. Nilipunguza. Vijana waliona namba ya mwalimu wao wakaiheshimu. Nilirudisha ile skrubu, nikafunga mlango, nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ili nipande nikamwambie Bi Albina kile kile alichoambiwa na wale watatu.

Mguu ulikuwa kwenye ngazi, nikasikia Dwight juu akisema, "Mama, Corliss naye akisema tanuri ni zima, utakubali?" Na yeye akajibu, "Corliss akisema, nitakubali."

Nikashuka tena.

Nilizima boila la maji ya moto, nikapanda kupitia mlango wa nyuma bila kusema na mtu, nikaenda kwenye mita ya gesi iliyo nje ukutani. Ipo njia moja ya kujua tanuri linakula kiasi gani, wala haihitaji kumwamini mtu yeyote: unazima kila kitu kingine kinachotumia gesi, unaitazama sindano ndogo ya mita, unahesabu inachukua sekunde ngapi kuzunguka duara moja. Baridi ilikuwa inauma meno. Nikagonga dirisha la jikoni.

"Bi Albina! Jiko limezimwa? Una saa yenye mshale wa sekunde?"

"Limezimwa, na saa ninayo mkononi."

"Nikisema sasa, anza."

Alifungua dirisha, akatoa kichwa na kofia yake. Nikasema sasa. Sindano ilijivuta taratibu mno, nami nikahesabu moyoni, na nilipofika sitini nilikuwa nimeshajua. Ilipokamilisha duara nikasema basi.

"Themanini na mbili," akasema.

"Themanini na mbili," nikasema mimi.

"Ni mbaya?"

"Ilitakiwa isifike sitini."

Nilirudi chini, nikafunga gesi, nikafungua nozeli moja, kile kipande cha shaba chenye tundu ambamo gesi inapita kuelekea motoni. Nikaisugua kwa kidole gumba, nikasoma namba iliyochongwa. Halikuwa tundu la kiwandani. Aliyelifunga tanuri lile mwanzoni alikuwa ameshaweka nozeli za milimani, zenye tundu dogo, na presha akaiacha ilivyo, kama inavyotakiwa. Unapunguza tundu au unapunguza presha. Ukifanya yote mawili unalishindisha tanuri njaa. Mimi nilikuja baadaye, nina haraka ya Oktoba, baridi inakaribia na kila mtu ananiita, sikufungua nozeli hata moja, nikapunguza mara ya pili. Ni kosa la fundi wa milimani. Fundi wa bondeni hata angetaka asingeweza kulifanya.

Na kwa nini halikuonekana miaka tisa? Nililijua hilo pia, nimesimama pale na nozeli mkononi. Jikoni kwa Bi Albina palikuwa na jiko la kuni la chuma. Mumewe Frank alilichochea alfajiri na jioni maisha yake yote. Frank alipofariki miaka miwili iliyopita, Dwight aliliondoa, akiogopa mama asije akajiunguza. Tangu hapo tanuri likabaki peke yake, na peke yake halikuweza.

Nitasema wazi: niliwaza kunyamaza. Ilikuwa rahisi mno. Nizungushe skrubu, nifute ule wino kwa kitambaa chenye petroli, nipande niseme springi ya vali ilichoka. Nyumba ingepata joto, Bi Albina angebaki kwake, kila mtu angefurahi, na jina langu lingebaki safi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaliangalia wazo hilo kutoka kila upande. Shida ilikuwa moja. Springi iliyochoka ni ya mwezi huu. Haimrudishii mtu miaka miwili ambayo mwanawe alikuwa anamtazama kama anayepungukiwa akili.

Nikasimama, nikapanda, nikamwambia Dwight, "Njoo chini. Na mama yako aje."

"Ngazi ile ni kali kwake."

"Nimeishuka miaka hamsini," Bi Albina akasema, na akawa wa kwanza kushuka.

Niliwasimamisha mbele ya tanuri. Nikamulika tochi kwenye ule mstari wa wino, nikamwambia Dwight asome. Akasoma.

"C.T. ni nani?"

"Ni mimi. Na nilikosea." Nikamwonyesha nozeli, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, bila kujipamba. "Tanuri hili nililipunguza mara mbili. Wale vijana hawakuligusa kwa sababu namba ni yangu. Mama yako alikuwa na baridi kwa sababu nyumba ilikuwa na baridi. Hakusahau kitu. Hakuchezea kitu. Kama unataka wa kumlaumu, amesimama mbele yako."

Bi Albina alikuwa ananitazama mimi tu, na sikuweza kusoma uso wake.

"Litengeneze," akasema hatimaye.

Nikarudisha nozeli, nikapima kama inavuja, nikachomeka mpira, nikawasha. Nikatoa kifuniko cha vali, nikaingiza bisibisi, nikazungusha robo, nikasubiri, robo tena. Maji yakapanda: mbili, mbili na nusu, tatu. Kwenye tatu na nusu nikaacha. Moto ulirefuka, ukajaza nafasi yake, buluu vilevile. Nikachomeka kipima moshi kwenye bomba la kutolea hewa, maana sikutaka tena kujiamini bila ushahidi. Moshi ulikuwa safi. Nikatoka nje nikahesabu mita upya. Hamsini na nane.

Tukarudi jikoni tukasubiri, maana hakuna aliyetaka kuondoka. Saa sita ukuta ulisoma sitini na mbili. Saa nane sitini na saba. Dwight alivua koti lake, akakaa mikono juu ya meza kati ya maboksi.

"Bi Albina," nikasema, "naomba radhi. Ningeweza kuja mwaka jana, ningeweza..."

"Ngoja," akanikatiza. "Hiyo radhi nitaipokea, lakini si leo. Leo nimekasirika, niache nikasirike kidogo." Akaenda kwenye droo ya vijiko, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya mwanawe.

Dwight aliikunjua. Ilikuwa fomu ya nyumba ya wazee ya Pueblo, ile ambayo mama yake alikuwa ameapa hataigusa. Chini kabisa ilikuwa na saini yake, mwandiko ulionyooka.

"Umesaini," Dwight akasema. "Lini?"

"Jana. Ndiyo maana leo nikampigia Corliss, nijaribu mara moja ya mwisho."

"Lakini ulisema hata kwa dawa..."

"Nilisaini kwa sababu nilikuamini, Dwight. Wewe ni mwanangu, husemi uongo. Nikajiambia, mwanangu na mafundi watatu wote wanasema nyumba hii ina joto. Basi baridi iko ndani yangu mimi. Usiku navaa soksi tatu nalia, najiambia, Albina, ndivyo inavyoanza."

Dwight alifunika uso kwa viganja vyake. Mabega yakamtikisika. Mimi nikaangalia pembeni, na mimi macho yangu hayakuwa makavu, kwa hasira na kwa aibu pia. Bi Albina alimwacha alie mpaka akatosheka, kisha akamsogezea mkono wa simu ya ukutani, waya wake ukijivuta juu ya zile sahani.

Alipiga. Tulimsikia akijitambulisha, akitaja jina la mama yake, akisema gari lisije.

"Hapana, si kuahirisha. Haji kabisa... Hapana, hajaugua." Kisha wakamuuliza kitu, akamtazama mama yake. "Sababu? Andika hivi: mama yangu alikuwa anasema kweli."

"Rudia," Bi Albina akasema. "Kwa sauti. Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Dwight akarudia.