Ukungu kwenye Dashibodi

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kitambaa, naye alijua, ila alijifanya hamnazo. Katika shule yake ya udereva, na shule yenyewe ilikuwa gari moja tu na kibao juu ya paa, hakuna aliyewasha injini kabla hajafuta plastiki. Kwanza ile plastiki angavu inayofunika mshale wa spidi na wa mafuta, kisha plastiki za taa za mbele, ambazo watu wanaziita vioo kwa mazoea tu. Maji yenye sabuni kidogo, kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri, mkono unakwenda na kurudi bila kuzungusha. Ukithubutu kufuta vumbi kavu kwa mkono wa shati, alikuteremsha garini uende zako kwa miguu ukatafakari. Watu walimcheka sana, lakini walifaulu, na madereva wengi wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake.

Basi plastiki ile ya dashibodi ikaanza kumletea kisirani. Anaifuta asubuhi, ukungu upo. Anaifuta mchana, ukungu umekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Akawashuku wanafunzi kwamba wanaipumulia. Akamjia juu muuguzi mmoja mpole, mwanafunzi wake wa jioni, akamtaka aseme kama mshale wa mafuta unaonekana au hauonekani. Muuguzi akasema unaonekana, mafuta yamepita nusu kidogo. Mwalimu akamwambia aache kubahatisha, barabarani watu hawabahatishi.

Sasa wewe mwenzangu, ukiona watu wote wanaona isipokuwa wewe, utashuku nini? Mwalimu alishuku plastiki.

Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Alishamwona mumewe akimimina chai pembeni ya kikombe na kuilaumu birika. Alishamshauri aende akapimwe macho, akajibiwa kwamba macho hayo yamefundisha mji mzima bila miwani. Akarudi kwenye kushona kwake. Halafu jioni moja Mwalimu akaligonga geti la nyumbani kwake mwenyewe, geti alilolipaka rangi kwa mikono yake, akashuka akizilaani taa za gari kwamba plastiki zake zimefubaa. Mkewe hakugombana. Alikagua geti, akakagua gari, akasema, "Baba watoto, ukigonga kitu kingine, hata kama ni ndoo, ufunguo wa gari utakaa kwangu."

Mwalimu akakubali, maana alikuwa mtu wa sheria na hakuona pa kupenyea. Lakini aliogopa, tuseme ukweli. Bila gari lile angekuwa nani? Mzee wa sebuleni, wa kuulizwa kila baada ya muda kama anataka mto wa kuegemea, wa kusimuliwa habari za barabarani na watu aliowafundisha yeye. Usingizi ulimpaa akiwaza hayo. Kwa hiyo akaamua kuung'oa ukungu ule hata kwa meno.

Akajifungia garini na kuvunja sheria zake zote. Alianza na dawa ya meno, akaisugua kwa kuzungusha, yeye mwenyewe, kwa mkono uleule uliokuwa ukiwateremsha wenzake. Haikusaidia. Akanunua dawa ya kung'arisha kwa mchuuzi aliyemwapia kwamba hiyo ndiyo wanayosugulia madirisha ya ndege. Haikusaidia. Mwisho akatoa msasa laini aliokuwa ameziwekea taa za mbele, akaukandamiza, akasugua mpaka mabega yakamuuma. Alipomaliza aliona ukungu umepungua, kwa sababu mtu aliyechoka sana huona anachotaka.

Siku iliyofuata muuguzi alikaa kwenye usukani, akafuta, akafuta tena, akainama mpaka pua ikagusa. Akasema kwa heshima zote kwamba leo haoni kitu, ni weupe mtupu.

Hamjawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kuharibikiwa. Mwalimu alikatisha somo, akamleta muuguzi mpaka nyumbani kama shahidi. Mkewe akaacha cherehani, akachungulia, na kweli, plastiki imepauka kama kitako cha beseni la kufulia. Ilibidi akiri. Mwalimu akatembea mtaani kifua mbele, akimweleza kila aliyetaka na asiyetaka kwamba alisema, wakambishia, haya sasa. Hata yule jirani kiziwi alielezwa. Mkewe akaomba radhi, kidogo tu, kisha akasema basi inunuliwe plastiki nyingine, yaishe.

Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Akafungua dashibodi pale uani, akaitoa ile mbovu, akaiweka mpya, akakaza skrubu, akamkaribisha Mwalimu akae aone kama imekaa sawa. Mkewe alisimama kwenye dirisha la gari, mikono kiunoni, anasubiri.

Mwalimu akakaa. Akatazama.

Ukungu ulikuwa palepale.

 Akafumba macho, akafumbua, ukungu huo. Mkewe alikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega. Hapo ilikuwa ni kusema neno moja tu, ama liwe hili ama lile, naye akapiga moyo konde akachagua.

"Hapo sasa," akasema, akisugua viganja. "Kweupe kabisa. Naona kila namba, mpaka vile vimstari vidogo. Hii ndiyo plastiki, siyo ule uchafu."

Fundi akakohoa. Akamtazama mke wa Mwalimu, akaitazama dashibodi, akakosa pa kuweka uso wake. Mwishowe akapenyeza mkono mbele ya kifua cha Mwalimu, akaishika plastiki kwenye pembe kwa ukucha, akabandua taratibu karatasi nzito ya kukinga mikwaruzo.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa bado sijaitoa ya juu."

 Mke wa Mwalimu hakucheka, na haki ya kucheka alikuwa nayo tele. Mwalimu akaitazama dashibodi tena, kwa muda mrefu, akisogeza kichwa huku na huku. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia, karatasi hiyo ilikuwa ya namna gani.

"Nyeupe kama maziwa," mkewe akamwambia.

Mwalimu akautafuta ufunguo kwa kupapasa, akauchomoa, akaupitisha dirishani.

"Basi shika, mke wangu," akasema. "Mimi hata sikujua kama ameibandua."