Mgomba wa Saa Nane

Mgomba ulikuwa umeshakatwa na kulazwa kando ya jeneza. Wazee walisema ikifika saa nane Wekulo hajatolewa kwenye timbo la mawe lililojaa maji, jeneza litaondoka Kaloleni kwenda Magharibi na mgomba ndani yake badala ya maiti, kama desturi inavyotaka. Mideva, mama yake, aliwajibu kwamba haziki mti yeye; alizaa mtu.

Hayo ndiyo yaliyomtumbukiza Nerima majini. Na jamani, nani alimtuma? Alikuwa amepiga mbizi na tangi la hewa mara saba tu, zote katika bwawa safi la hoteli. Lakini Mideva ndiye aliyemfundisha kushona viatu vya ngozi pale sokoni Kariokor, na mpiga mbizi pekee mwenye uzoefu, Shiundu, mwalimu wake wa bwawani, alikuwa ametoka majini akishika sikio lililomuuma. Shiundu alisita sana, kisha akamfunga kamba kiunoni na kumkumbusha kuwa mivuto mitatu maana yake amempata.

Huko chini tope lilitibuka, asiuone hata mkono wake. Akapiga mateke kwenda juu, akakutana na tope. Juu gani hii yenye tope? Akajipindua, akapiga tena, na kamba ikamzonga miguu. Akaivuta, nayo ikazidi kukaza. Pumzi zikawa fupi fupi, hewa ikaliwa bure. Aliogopa kufa, aliogopa kweli kweli, na mkono wake ulitaka kung'oa kipumulio apige kelele. Ujinga ulioje!

Ndipo akayakumbuka maneno ya Mideva, yale ya kila siku kibandani: "Uzi ukijisokota, usiuvute. Tuliza mkono kwanza."

Akaacha kuvuta. Akatoa pumzi moja ndefu, akasikilizia mapovu yanakoelekea, maana mapovu hayajui njia nyingine ila ya juu. Yalimpita kidevuni, yakateleza kifuani, yakaenda zake magotini. Kumbe alikuwa kichwa chini, miguu juu, na muda wote alikuwa akiikimbilia sakafu ya timbo.

Hakukurupuka. Alilegeza kamba taratibu, kitanzi baada ya kitanzi. Alipotia mkono topeni ili ajigeuze, vidole vikagusa ukingo wa kiatu. Mishono miwili, mmoja ukirudi juu ya mwenzake. Hakuna aliyeshona hivyo Kariokor nzima ila yeye na Mideva. Ndani ya kiatu mlikuwa na mguu. Moyo ulimruka, akaubembeleza kwa pumzi nyingine ndefu, akaushika ule mguu na kuvuta kamba mara tatu.

Saa saba na nusu Wekulo alilazwa kwenye turubai. Mideva alipiga magoti, akapapasa mshono wa kiatu kwa kidole gumba, jinsi anavyokagua kazi ya mwanafunzi. Kisha akaushika mkono wa Nerima wenye tope, asiuachie.

"Ondoeni huo mgomba," akawaambia wazee. "Mwanangu amefika."