Siku Bi Shuka Alipokuwa Mgeni

Mlinzi wa mlango wa mbele alimpigia Bi Shuka saluti, na Bi Shuka akageuka nyuma kuona ni nani anayepigiwa.

"Ni wewe, mama. Leo hupiti jikoni."

"Acha utani wako. Viatu vyenyewe vinanibana."

Ndivyo sharti lilivyotaka. Hoteli ile kubwa, walimolala marais na wanamuziki wenye majina, ilijengwa na mjane aliyeanza maisha kwa kuwafulia watu nguo. Kabla hajafa aliagiza hivi: mfanyakazi anayestaafu aingie kwa mlango wa wageni, akae chumba kizuri mchana kutwa, asiguse kazi yoyote, kisha jioni amwambie meneja kama anayependekezwa kushika nafasi yake anafaa. Hoteli iliuzwa mara kadhaa. Marumaru yalibadilishwa, hata jina likabadilishwa, lakini sharti halikuguswa.

Bi Shuka alikuwa msimamizi wa vyumba, na aliyependekezwa alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Akimpitisha, watu watasema kambeba. Akimkataa, nyumbani hapatakalika. Asubuhi alikuwa amepiga magoti na kuomba: "Mungu wangu, nisimpendelee, wala nisimwonee. Nionyeshe." Shaka yake ilikuwa moja tu. Binti yule alikuwa mpole mno. Nyumbani kila jambo kwake lilikuwa "ndiyo, mama". Msimamizi wa namna hiyo, wahudumu wangempanda kichwani kabla hajazoea kiti.

Mkamwana akamfungulia chumba kinachotazama bustani. "Karibu, mheshimiwa mgeni."

"Mheshimiwa nani? Jana tu ulikuwa unanisugua mgongo kwa dawa."

"Hiyo ilikuwa jana. Leo pumzika, mama, nitakuletea chai."

Alipobaki peke yake, Bi Shuka alikaa kitini kama mtu anayesubiri daktari. Akala tunda. Akajinyoosha kidogo juu ya kitanda kile kipana, akamshukuru Mungu kwa kuumba watu wanaojua kutengeneza magodoro, akasinzia, akaamka. Mashuka yalikuwa yamekunjamana. Akayatazama. Nayo kama yakamtazama. Mikono ikaanza kumwasha.

"Kidogo tu," akasema. Kufumba na kufumbua kitanda kilikuwa kimetandikwa, naye yuko kitini, ametulia kama hajui lolote.

Mkamwana aliingia na chai, akasimama.

"Nani kagusa kitanda?"

"Malaika," akajibu Bi Shuka.

"Basi malaika huyo mgongo unamsumbua, maana kwenye kona ya ukutani hakuinama vizuri, shuka limelegea." Akaweka trei mezani, akashika mashuka, akayavuta yote mpaka sakafuni.

Bi Shuka aliruka kutoka kitini. "We binti! Unatandua kitanda nilichotandika mimi? Mimi niliyekufundisha?"

"Ulinifundisha kwamba kona ikilegea hairekebishwi, inaanzwa upya. Kaa, mama. Chai inapoa."

Sauti ilikuwa ya upole uleule wa nyumbani, ila haikurudi nyuma hata kidogo. Bi Shuka akajikuta amekaa. Alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Akanywa chai huku akitazama mikono ya yule binti ikizunguka godoro, na moyoni akasema, "Asante, Mungu wangu. Nimeona."

Jioni meneja alikuja mwenyewe. "Vipi, bibi? Umehudumiwa vizuri?"

"Ametandua kitanda changu, kisha akaniamuru nikae."

Meneja akashika kichwa. "Jamani! Tuwie radhi sana. Tutatafuta mwingine."

"Umtafute wa nini? Kama mimi nimekaa, nani atakayekataa kukaa? Mpe funguo."

Mkamwana, aliyekuwa akisikia kutoka mlangoni, alifuta machozi kwa ncha ya aproni. "Asante, mama."

"Mshukuru Mungu, si mimi. Lakini sikiliza, bosi: nyumbani, kitanda changu usikiguse."

"Hilo nitaliangalia nikishakagua kona zake, mama."

Bi Shuka alicheka hadi meneja naye akashindwa kujizuia.