Majani Yasiyonuka

Ilisemekana katika kijiji cha ng'ambo ya mto mtu na mkewe wamekula vitunguu majani vya bustani yao wenyewe, wakatapika hadi wakabebwa hospitali. Nani alisema, Fusae hakumbuki. Lakini uvumi ule ulimganda kama kupe, kwa sababu juzi yake tu, theluji ilipoyeyuka, alikata vitunguu majani vya kwanza akampelekea bintiye Chizuru kwa posta. Mtu hali mavuno ya kwanza peke yake. Na Chizuru alikuwa na mimba ya miezi minne.

Jumatano akaenda darasani, kwenye somo la kila wiki la wazee kuhusu mimea. Wazee kumi na wawili walivua viatu mlangoni mwa ukumbi wa kijiji, wakakaa na chai yao. Mzee Hirabayashi, aliyewahi kuuza dawa miaka mingi kabla ya kustaafu, akatandaza majani mawili juu ya gazeti.

"La kula ni lipi?"

Fusae alinusa la kwanza, akanusa la pili. Yote yalinuka kitunguu.

"Miaka hamsini ya jembe, bibi, na bado unabahatisha?" Umeko akamchokoza. Watu wakacheka.

"Asubuhi umeshika vitunguu?" mzee akauliza.

"Nimekatia supu."

"Basi unanusa vidole vyako. Nenda kanawe kwa sabuni, kisha ulivunje jani."

Alinawa, akavunja. La pili halikunuka kitu.

"Hilo ni suiseni," mzee akasema. "Ua la manjano la uani. Kabla halijachanua, hilo na kitunguu ni kama pacha. Ni sumu."

Fusae akaona bustani yake: suiseni alizopanda marehemu mumewe, kandokando ya tuta la vitunguu, eti zinapendeza. Na yeye alikata kwa mundu, konzi kwa konzi. Akaikimbilia simu ya ukumbini.

"Mama, afadhali umepiga," Chizuru alisema. "Siku hizi harufu ya vitunguu inanichafua roho, lakini hivi vyako havinuki kabisa. Nimevikaanga na mayai."

Fusae akapaza sauti. "Umekula?"

"Matonge mawili."

"Tema. Weka vijiti vya kulia chini."

"Mama nawe. Juzi ulinikataza kutazama moto, eti mtoto atatoka na baka. Leo majani?"

Mzee Hirabayashi akaichukua simu. "Binti, usile tena, wala usijitapishe. Funga yaliyobaki, nenda nayo hospitali sasa hivi."

Chizuru alitapika siku mbili. Mimba ilisalimika. Fusae alizing'oa suiseni zote, mpaka mizizi, huku akimwomba radhi mumewe. Jumatano iliyofuata Umeko hakucheka. Naye alikuwa na suiseni bustanini, hatua moja kutoka kwenye figili zake. Fusae akaomba karatasi kubwa, akaandika kwa mkono wake, akaibandika mlangoni, pale watu wanapovulia viatu:

Usipande ua karibu na mboga.
Usikate konzi kwa konzi. Kata jani moja moja.
Usinuse kwa mkono ulioshika kitunguu.
Usile jani lisilonuka, hata ukipewa na mama yako.
Usigawe usichokijua.
Usione haya kuuliza darasani. Mimi tangu msimu uliopita niliona haya kuuliza jinsi ya kuyatofautisha majani haya.