Dakika Mbili Bila Kutikisika

Programu ile ya simu Cissy aliitunga mwenyewe chumbani kwake Walukuba, mjini Jinja, kwa ajili ya baba yake, mzee Jude, askari magereza mstaafu mwenye kifafa, aliyekataa katakata kuhama mlimani Wanale, karibu na Mbale. Ndani ya simu ya mzee mna vihisi: kimoja hujua mtu yuko wapi, kingine huhisi mtikisiko. Simu ikipata kishindo, kisha ikatulia dakika mbili nzima, basi mzee ameanguka, na simu ya Cissy hulia. Kuijaribu, Cissy aliitupa godoroni kutwa, hata majirani wakaapa anapigana na jini.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu yake ikalia. Kishindo, kisha kimya. Nukta nyekundu ilikuwa uani kwa baba yake.

Alipiga, alipiga tena, hakuna aliyepokea. Jinja mpaka Mbale ni mwendo wa saa tatu kwa basi, na saa tatu zote nukta haikusogea hata unywele. Cissy aliikodolea macho akiiomba itikisike, japo kidogo tu.

Uani akakuta ngoma na vigelegele. Conrad, mwana wa shangazi Ketty, alikuwa ametahiriwa asubuhi ile. Amelala mkekani, kiunoni mkanda wa mzee, na simu ya mzee imo kifukoni mwa mkanda huo. Ketty akaeleza kwa fahari kwamba mzee alimvisha kijana mkanda wake wa kazi ili apate ushujaa. Conrad alicheza tangu alfajiri, akaruka mruko wa mwisho hata mlima ukaguna, kisha akasimama mbele ya kisu bila kutikisa ukope, kama mila inavyotaka.

Cissy akacheka. Mara akageuka kumtafuta mzee kwa macho.

"Shangazi, Baba mwenyewe yuko wapi?"

Ketty akaangaza huku na huku, asimwone. Mzee alijitenga kabla ya kisu kuletwa, maana afande huyo aliyelinda majambazi miaka thelathini huogopa damu. Wote walidhani pombe imemlaza mahali.

Sasa hapakuwa na nukta ya kufuata. Cissy akajitosa migombani akiita, akapita mibuni, akashuka hadi mferejini, sauti ikamkauka. Huko ndiko alikokuwa, tope hadi ndevuni, mguu umepinda vibaya. Cissy akamwekea sikio kifuani, asisikie kitu ila moyo wake mwenyewe.

Jicho moja likafunguka.

"Kijana alisimama?"

"Alisimama, Baba," akasema, machozi yakimdondokea mzee usoni. "Alisimama mpaka simu ikadhani ni wewe umekufa."